Kumleta Paka Mdogo Penye Paka Mkubwa

Leo tunataka kuzungumza habari za paka. Huenda mwingine atacheka na kusema, "Paka naye ni wa kuandikwa gazetini?" Acheke tu. Lakini akimaliza kucheka aende akatazame magunia yake ya mahindi, ahesabu matundu.

Sisi wakulima tunalima, tunapalilia, tunafukuza ngedere na ndege, tunavuna, tunapukuchua, tunaanika. Mahindi yakishaingia ndani tunasema, "Sasa tumepumzika." Kumbe panya ndiyo kwanza anaanza kazi. Panya shamba jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu na siku chache tu. Akizaa, anaweza kutoa watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Tena panya haharibu kile anachokula tu. Anakojoa na kunya juu ya kile anachokibakiza.

Siku hizi wengi wetu tunatumia ile mifuko isiyopitisha hewa. Ndani ya mfuko dumuzi hukosa hewa wakafa, wala hatuhitaji dawa. Ni mifuko mizuri. Lakini jino la panya likitoboa tundu, hewa inaingia, na hewa ikiingia dumuzi wanaishi. Basi hata mwenye mifuko mizuri anamhitaji paka.

Paka ni mlinzi, na mlinzi naye huzeeka. Mtu mwenye busara hatangoji paka wake afe ndipo atafute mwingine. Anatafuta mtoto wa paka mapema, mzee akiwa bado yupo na nguvu zake. Hilo ni jambo jema. Lakini hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunadhani kumleta paka wa pili nyumbani ni kama kuleta kuku wa pili. Unamfungua kamba, basi. Mtu anaweza kuwakosa paka wote wawili kwa jioni moja. Tunasema hivyo kwa kuwa nusura yatupate sisi wenyewe.

YALIYOTUPATA

Nyumbani kwetu tulikuwa na paka jike, mweusi mwenye kifua cheupe. Tulimwita Karani. Kila jioni alipanda juu ya magunia akatulia pale, kichwa kikigeuka huku na huku, kama karani wa ghala anayehesabu mali ya chama. Mwaka 2014 alikuwa amefika miaka tisa. Jino lake moja refu lilikuwa limekatika, na usingizi ulikuwa umeanza kuwa mwingi.

Baada ya mavuno ya mwaka ule tulipata mtoto wa paka kwa mama mmoja muuza dagaa. Alikuwa dume, rangi ya majivu, umri wake miezi miwili. Tulimbeba ndani ya kiroba. Tulipofika jikoni tulimkuta Karani anakula. Tukafikiri, saa ya chakula ndiyo saa ya furaha, wakila pamoja watapatana kama watu wanavyopatana. Tukafungua kiroba, tukammwaga mgeni karibu na sahani.

Lo! Karani alisimamisha manyoya yote ya mgongoni. Mkia ulivimba kama gunzi. Akatoa sauti ya "fsss" kama nyoka, kisha akampiga mgeni kofi la uso, makucha yakiwa nje. Yule mdogo akaruka, akaangukia mafigani penye majivu ya moto. Mtoto wetu mmoja aliingiza mikono ili awatenganishe. Aling'atwa kidole. Karani akapita dirishani, akaenda zake.

Hakuonekana kwa siku kumi na moja.

Usiku wa tatu tulianza kusikia kwaru, kwaru, stooni. Tuliposogeza mifuko tukakuta minne imetobolewa kwa chini, mahali ambapo mtu haoni. Mmoja wa mifuko hiyo ulikuwa wa kuuza tununue sare za shule. Yule paka mdogo naye nyayo zilipona, lakini jicho lake la kushoto lilikuwa limechanwa. Liligeuka jeupe, na hajaona kwa jicho hilo mpaka leo.

Tulimlaumu Karani. Tulisema ana wivu, ana roho mbaya, hana shukrani. Bibi yetu alisema huenda si paka wa kawaida yule, na rangi yake nyeusi ndiyo ikawa ushahidi. Siku moja bwana mifugo alipita kwetu kwa habari za ndama, tukamsimulia. Alituuliza swali moja tu: "Ndugu zangu, ukiingia nyumbani usiku ukamkuta mtu usiyemjua amekaa kitandani kwako, anakula ugali wako, utampa mkono?"

Tulinyamaza. Ndipo akakaa kitako akatueleza, na mengi tunayoandika hapa tuliyapata kwake kwanza, mengine tukajifunza kwa kutenda.

PAKA ANAJUA KWA PUA

Paka wa nyumbani na kimburu wa porini ni ukoo mmoja. Kimburu hatembei kwa makundi kama mbwa mwitu. Huwinda peke yake, kwa sababu panya mmoja au ndege mmoja ni chakula cha mmoja. Ana eneo lake, na mwenzake akiingia humo anampunguzia chakula. Paka wetu amekaa na watu kwa maelfu ya miaka. Huko kisiwa cha Kupro wachimbaji walikuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka miaka kama 9,500 iliyopita. Lakini ile tabia ya kuwa na eneo lake bado anayo. Paka wanaweza kuzoeana, tena wengine wakalala wamekumbatiana. Bali hawazoeani kwa kulazimishwa.

Sasa, paka anajuaje kwamba eneo hili ni lake? Hana hati wala mipaka ya katani. Ana harufu. Mashavuni, kwenye paji la uso, chini ya nyayo na karibu na mkia ana vifuko vidogo vya harufu. Umewahi kuona paka anakuja kujisugua mguuni pako? Wewe unasema ananipenda, na labda ni kweli. Lakini pia anakupaka harufu yake. Anafanya hivyo kwenye mguu wa kitanda, kwenye nguzo, kwenye kona ya gunia. Sisi watu hatuisikii harufu hiyo hata kidogo. Yeye akipita anaisikia, moyo wake unatulia, anajua yuko kwake.

Mgeni anaingia na harufu ya nyumba nyingine, ya paka wengine, ya dagaa wa watu wengine. Mwenyeji haoni mtoto mdogo wa kuhurumiwa. Anachosikia ni harufu ya adui. Akipiga, anatetea kwake. Akishindwa kutetea, anahama. Kwa hiyo kazi yetu ni kuifanya ile harufu ngeni izoeleke kwanza, kabla mwenye harufu hajaonekana. Tukishaelewa hilo, hayo mengine ni subira tu.

KABLA YA KUMLETA

Usimchukue mtoto wa paka mapema mno. Macho yake hufunguka wiki ya kwanza au ya pili, na watu humwona anatembea wakadhani amekua. Bado. Aachwe na mama yake mpaka atimize wiki nane au zaidi. Mama humfundisha mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuwinda. Humletea panya aliyekufa, baadaye humletea aliye hai ili ajaribu mwenyewe. La pili ni adabu. Mtoto akiuma ndugu zake kwa nguvu anarudishiwa, basi anajifunza kiasi. Aliyeondolewa mapema hajui adabu hiyo, na paka mzee hatakuwa na subira naye. Ni vizuri pia mtoto huyo awe ameshikwa na watu tangu mdogo. Paka aliyekua bila kushikwa na mtu huwa mwoga maisha yake yote.

Mtazame kabla hujamchukua. Macho yawe makavu, hayatoi tongotongo. Masikio yasiwe na uchafu mweusi wala magamba. Akiwa mwembamba lakini tumbo limejaa kama ngoma, huenda ana minyoo. Mpulizie manyoya uone kama kuna viroboto. Muulize bwana mifugo au bibi mifugo dawa ya mambo hayo. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe, inaweza kumwua.

Kama paka wako anao watoto anaowanyonyesha, usilete mgeni wakati huo. Na kama wako ni dume kubwa lisilohasiwa, uwe mwangalifu zaidi. Madume kama hayo mara nyingine huua watoto wa paka. Dume likihasiwa na mtaalamu hupunguza kuzurura na kupigana, na panya huendelea kuwakamata kama kawaida. Usijaribu kuhasi mwenyewe kwa kisu au wembe.

CHUMBA, KITAMBAA, MLANGO

Mgeni apewe mahali pake, na mahali hapo pasiwe pale mwenyeji anapopenda. Hili tunalisisitiza. Kama mzee analala jikoni na kuwinda stooni, jikoni na stooni pabaki pake. Mgeni akae chumba cha kulala au mahali popote penye mlango unaofungika. Asiyekuwa na mlango wa ndani aweke mbao au bati, azibe vizuri hata kwa juu. Mle ndani aweke maji, chakula, boksi lenye nguo kuukuu la kulalia, na beseni bovu lenye mchanga mkavu au majivu yaliyopoa. Beseni hilo ni choo. Liwe mbali na chakula, maana paka hapendi kula karibu na choo chake, kama wewe usivyopenda.

Kwa siku za kwanza wasionane kabisa. Watasikiana kwa sauti, watanusana chini ya mlango. Mzee anaweza kukaa nje ya mlango ananguruma. Mwache. Usimpige, usimfokee. Ukimpiga kila anaposikia harufu ya mgeni, atajifunza kwamba harufu ile inaleta kipigo, na atamchukia maradufu. Kukaa mbali siku hizo kuna faida nyingine pia. Mgeni akiwa na ugonjwa utauona kabla hajamwambukiza mwenzake.

Sasa chukua vitambaa viwili, kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Kimoja msugulie mgeni mashavuni na kichwani polepole. Kingine msugulie mzee vivyo hivyo. Kisha wabadilishie. Kitambaa cha mgeni kiweke sakafuni karibu na mzee anapokula, lakini si juu ya chakula. Cha mzee kiweke karibu na mgeni.

Sisi tulipoweka kitambaa cha kwanza, Karani alikinusa, akafoka, akaondoka bila kula. Tulikisogeza mbali hatua nne. Akala. Kesho yake tukakileta karibu kidogo. Siku ya sita alikikalia. Bibi yetu, ambaye hapo mwanzo alikuwa ameshauri paka yule atupwe, ndiye aliyekuja mbio kutuita, "Njooni mwone, amekaa juu ya kitambaa!"

Baada ya hapo ukaja mlango. Kila mmoja alipewa chakula upande wake, mlango umefungwa katikati. Sahani zilianza mbali, kila siku zikasogea. Paka anapokula kitu kizuri huku anasikia harufu ya mwenzake, pole pole harufu hiyo inakuwa habari ya chakula, si habari ya vita. Tulitumia dagaa. Ugali mtupu haufai kwa kazi hii, wala haufai kuwa chakula cha paka kila siku, kwa sababu mwili wake unahitaji nyama au samaki. Mdogo apewe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Maji safi yanatosha.

Kuna jambo jingine tulilolifanya ambalo lilisaidia. Mara moja kwa siku tulimtoa mgeni nje tukiwa tumemshika, tukamruhusu Karani aingie mle chumbani peke yake, anuse kila kona. Akitoka, mgeni akarudishwa. Hivyo kila mmoja alijua mwenzake yupo na hajamdhuru.

TENGA LA KUKU

Wakishakula pande mbili za mlango bila kunguruma, wakati umefika wa kuonana. Mjini watu wana mageti ya waya. Sisi tunalo tenga la kuku, na kwa kazi hii hatujaona kitu bora zaidi. Mweke mgeni chini ya tenga pamoja na kitambaa chake na dagaa wawili watatu. Weka jiwe juu ili lisipinduke. Mzee anaona, ananusa, anazunguka, lakini kofi lake halifiki ndani. Hakikisha matundu ni madogo kiasi hicho. Yakiwa makubwa, funika sehemu kwa khanga.

Mara ya kwanza dakika tano zinatosha. Mtu mmoja akae karibu, azungumze kwa sauti ya chini, ampe mzee chakula chake kwanza. Watoto wasikusanyike kushangilia. Mbwa afungwe. Ukiona wametulia, rudia jioni. Kesho ongeza muda.

Utajuaje kama wametulia? Tazama mwili, usisikilize sauti peke yake. Paka mwenye utulivu hugeuza kichwa akaangalia mambo mengine, hujilamba, hufumba macho polepole, hulala ubavu. Akifoka mara moja kisha akaenda kulala, hilo si baya. Amesema, "Usinisogelee," na mdogo anapaswa kulisikia neno hilo. Kibaya ni macho yaliyokaza bila kupepesa, mwili umeinama chini, masikio yamelala nyuma, mkia unapigapiga. Paka wa namna hiyo yuko karibu kuruka. Usimshike. Pitisha ungo kati yao ili wasionane, kisha mtoe mdogo. Kesho rudi nyuma hatua moja, kwenye mlango.

Kurudi nyuma si aibu. Sisi tulirudi mara tatu. Karani alikuwa na kumbukumbu ya ile jioni ya jikoni, na yule mdogo alikuwa na kumbukumbu ya jicho lake. Kazi yetu yote ilichukua wiki saba. Jirani mmoja tuliyemwelekeza, ambaye alianza vizuri tangu siku ya kwanza, alimaliza kwa siku kumi na mbili. Kwa paka wengine huchukua miezi. Anayejua muda ni paka, si kalenda.

Siku ya kuondoa tenga ilipofika, tulifungua mlango na dirisha ili mzee awe na njia ya kutoka, na tuliweka boksi lenye tundu dogo ambalo mdogo tu angeweza kuingia. Kila mmoja awe na mahali pa kukimbilia. Tulicheza kidogo na mdogo kwa kamba yenye unyoya wa kuku, apunguze wazimu wa utoto, maana mtoto wa paka hupenda kurukia mkia wa mzee. Karani alimpiga kofi moja, lakini safari hii makucha yalikuwa ndani. Tulicheka kwa furaha, na mtoto yule aliyewahi kung'atwa alicheka kuliko sote. Kwa wiki mbili zaidi hatukuwaacha pamoja bila mtu. Usiku na tulipokwenda shamba, mdogo alirudishwa chumbani.

Tulimwita Tarishi, kwa kuwa alikuwa mbio mbio tu ofisini kwa Karani.

WAKIPIGANA, NA MTU AKING'ATWA

Paka wakishikana, usiingize mkono wala mguu. Tumia ungo, mkeka au ubao kuwatenga. Nguo nzito ikirushwa juu yao nayo husaidia.

Na mtu aking'atwa au kukwaruzwa, hasa na paka asiyejulikana vizuri, asingoje kuona itakuwaje. Kichaa cha mbwa hakimshiki mbwa peke yake. Paka hukipata na humwambukiza mtu. Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie sindano za kinga. Ugonjwa huu dalili zikishaanza karibu kila mtu hufa. Kinga ikiwahi, mtu anapona. Sisi siku ile tulimfunga mtoto kitambaa kidoleni tukamwambia "pole," zahanati tukaenda asubuhi ya pili. Tulibahatika. Bibi mganga wa zahanati alitusema sana, na alikuwa na haki.

Paka achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama mtaalamu atakavyoelekeza. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingine huwa na chanjo wakati huo. Usipeleke mbwa ukamwacha paka nyumbani.

Choo cha paka kisafishwe kila siku, na mama mjamzito asikiguse. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuambukiza, ndiyo maana kusafisha kila siku kunasaidia. Fukia mbali na kisima na bustani, kisha nawa mikono kwa sabuni.

NJAA NA SUMU

Wapo wanaosema paka asilishwe, akishiba hatakamata panya. Tumesikia maneno hayo toka utotoni. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ndivyo alivyoumbwa. Mwenye njaa kali huenda mbali kutafuta chakula, huiba samaki wa jirani, hurudishwa amevunjwa mguu. Na kwa habari yetu ya leo, njaa ndiyo mchochezi mkubwa wa ugomvi. Ukiwa na paka wawili na sahani moja, umewaandalia vita wewe mwenyewe. Kila mmoja awe na sahani yake, mahali pake.

Sumu ya panya nayo tuiache kabisa penye paka. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea amelegea, na aliyelegea ndiye rahisi kukamatwa. Paka akimla, sumu inaingia naye anaweza kufa. Sehemu za ndani za nyumba tumia mitego. Weka magunia juu ya chanja, mbali na ukuta, ziba matundu. Paka ni msaidizi wa kazi hizo, hawezi kuzifanya zote peke yake.

Karani na Tarishi hawakuwa marafiki wa kulala pamoja. Tusidanganyane. Mzee alibaki juu ya magunia, mdogo akakaa chini karibu na mlango, na ilikuwa nadra kuwaona sahani zao zikikaribiana kuliko hatua mbili. Lakini mwaka uliofuata hatukukuta mfuko hata mmoja uliotobolewa. Karani alikuwa akisikia panya ukutani, anageuza masikio, na Tarishi mwenye jicho moja anamtazama yeye kwanza, kisha anaruka.

Karani alikufa mwaka 2018, wakati wa masika, tukamzika nyuma ya stoo. Siku mbili Tarishi alizunguka akilia. Siku ya tatu tulipoingia jioni na taa, tulimkuta amepanda juu ya magunia.

Sasa naye amezeeka. Yule mama muuza dagaa ametuambia paka wake amezaa tena, wanne, na wiki ijayo watatimiza wiki nane. Tumekwisha kata vitambaa viwili vya kanga, na tenga tumeliomba lirudishwe kutoka kwa jirani.